Zamu ya Kundi la Pili

Wakati wa likizo ya Desemba, kazi za Nyamoita zilianza kabla kengele ya kambi haijalia. Aliwasha jiko, akabandika uji, akafagia mlangoni, kisha akamwamsha mdogo wake Onchari ili ampake dawa. Onchari alikuwa na vidonda mdomoni, na zahanati ya shamba ilimpa chupa ndogo ya dawa ya zambarau, ile ambayo watu huiita jivii. Nyamoita alizungushia pamba kwenye kijiti, akaichovya katika dawa na kumpaka ulimi huku amemshika kidevu barabara asije akatoroka. Mama yake, Sellah, alikuwa akimsifu kwamba hata muuguzi wa zahanati hangempita.

Nyamoita alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alitarajia kuingia darasa la saba mwezi wa Januari. Waliishi Kambi Nne, katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Mama yake alichuma majani chai, na mjomba wake Momanyi, ambaye ni mdogo wa mama, aliishi nao na kufanya kazi hiyo hiyo. Ilikuwa mwaka wa 1997, mwaka ambao mvua ilianza Oktoba ikakataa kukoma. Barabara zilikuwa tope tupu. Daraja la miti la kwenda ng'ambo ya mto lilisombwa na maji, na chai ilichipuka kwa kasi hata wachumaji wakashindwa kuifikia yote.

Ijumaa, siku tatu kabla ya uchaguzi, msimamizi wa kundi lao, Bwana Nicholas, aliwakusanya wafanyakazi kwenye banda la mizani akawasomea karatasi kutoka ofisini. Jumatatu ilikuwa siku ya kupiga kura nchi nzima. Kwa kuwa majani yasingeweza kungoja, kazi ingeendelea, lakini kila mwenye kadi ya kura angepewa ruhusa, na siku yake ingehesabiwa kuwa ya kazi. Wangekwenda kwa makundi mawili. La kwanza lingeondoka alfajiri na kurudi saa tano. Wakirudi wangeonyesha kidole chenye wino wa kura, halafu kundi la pili lingeondoka.

Mama yake Nyamoita aliandikwa katika kundi la pili. Mjomba Momanyi aliwahi kuinua mkono akaandikwa katika la kwanza. Hakuna aliyeombwa kuonyesha kadi yake siku hiyo.

Tangu Ijumaa hiyo, kambi haikutulia. Watu walisimama vikundi vikundi penye mfereji wa maji wakiulizana habari. Mara ilisemekana karatasi za kura zimekwama njiani kwa sababu ya tope. Mara ikasemekana zimefika lakini si za eneo lao. Redio za majirani zilizungumza mchana kutwa. Mama aliitoa kadi yake sandukuni, akaiangalia, akairudisha, na baada ya muda mfupi akaitoa tena. Hata Onchari aliyekuwa na miaka minne alishikwa na wasiwasi asioujua, akawa analia bila sababu.

Jumatatu alfajiri, mama alipokwenda kuteka maji, Mjomba Momanyi aliingia jikoni amevaa gambuti na koti kuukuu. Nyamoita alikuwa amemaliza kumpaka Onchari dawa. Mjomba aliitazama ile chupa, kisha akachuchumaa karibu na jiko na kunyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Nipake hapa," alisema. "Kuanzia kwenye ukucha mpaka kwenye kiungo. Una mkono mzuri."

Nyamoita aliuliza kama ana kidonda. Mjomba akacheka kidogo, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini. Hakuwa na kadi ya kura. Siku za kuandikishwa alisema atakwenda kesho, na kesho, mpaka siku zikaisha. Lakini alikuwa amekodi kipande cha shamba huko juu ya kilima, kwa mzee mmoja mkulima, akapanda viazi, na sasa viazi vilikuwa vinaozea ardhini kwa maji. Alihitaji asubuhi moja tu avichimbue. Ruhusa ilikuwepo, na yeye ataitumia. Saa tano atarudi kazini kama wengine.

"Lakini Mjomba, hiyo ni ruhusa ya kura," Nyamoita alisema.

"Nani ataumia? Kura yangu haipo, wino ni rangi tu. Na usimwambie mamako, atanihubiria mwaka mzima."

Nyamoita alimpenda sana mjomba wake. Ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu kwa kukata viazi, na ndiye aliyembeba Onchari mgongoni hadi zahanati usiku ule wa homa. Tena kulikuwa na raha fulani katika kuaminiwa siri na mtu mzima. Alichovya pamba, akampaka taratibu, akaupuliza ukucha ukauke. Ulionekana sawasawa na vidole vya watu alivyowahi kuviona baada ya uchaguzi wa zamani. Mjomba aliutazama akaridhika, akakifunga kidole kwa kipande cha nailoni kisipate maji, akachukua jembe lililofichwa nyuma ya nyumba na kupotelea kwenye ukungu.

Asubuhi hiyo Nyamoita hakuweza kukaa mahali pamoja. Aliosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha. Alitoka mlangoni kutazama njia, akarudi ndani, akatoka tena. Mama alikuwa shambani akichuma huku akingojea zamu yake, na kila Nyamoita alipowaza kidole kile alijiambia kwamba hakuna atakayeumia. Aliirudia kauli hiyo mara nyingi, lakini haikumtuliza.

Ilipokaribia saa tano alifunga chakula cha mama kwenye kitambaa, akamwacha Onchari kwa jirani, akapanda njia ya shambani. Alikuwa amepanga kumpa mama chakula ale kidogo kabla ya kuanza safari. Kwa kuwa daraja halikuwepo, ilibidi kuzunguka kwa chini, na safari ya kufika kwenye shule ya kupigia kura ilichukua saa moja na nusu.

Alipofika kwenye banda la mizani aliwakuta watu wengi wamesimama. Upande mmoja walikuwa waliorudi, miguu yao imejaa tope mpaka magotini. Upande wa pili walikuwa wa kundi la pili, wamekwishavua aproni zao za plastiki, kadi mkononi. Bwana Nicholas alipita akikagua vidole. Hakuwa mtu mkali, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana. Watu wanne hawakuwa wamerudi bado, na lori la majani lilikuwa njiani.

Alipofika kwa Mjomba Momanyi alikishika kile kidole, na alipokiachia aliona zambarau kwenye kidole gumba chake mwenyewe. Akatazama. Akachukua jani la chai lenye maji ya mvua, akakisugua kidole cha Mjomba, na rangi ikatoka ikachuruzika mpaka kiganjani. Aliwarudia wawili waliotangulia akawasugua vilevile. Wino wao haukubanduka hata chembe.

"Huu ni wino gani, Momanyi?"

Mjomba hakubabaika. Alisema kwamba chupa ya kwanza iliisha, makarani wakafungua nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa dhaifu kwa sababu ya unyevu. Waliopakwa kutoka chupa hiyo walikuwa wengi, aliongeza.

Bwana Nicholas aliwauliza wengine. Walitazamana. Wapiga kura walikuwa wamepangwa kwa herufi za majina, foleni nyingi katika vyumba vingi, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba alimwona Momanyi au kwamba hakumwona. Kuhusu chupa ya pili, hakuna aliyejua.

Msimamizi alivua kofia yake akapangusa mvua usoni. Alisema kwamba kama kuna wino wa kufutika, basi hawezi kujua nani alipiga kura na nani alikwenda zake. Wanne hawajarudi, huyu wino wake unaoshwa na jani, na ofisi itamuuliza yeye. Angetuma mtu kwa baiskeli mpaka kwenye kituo cha kura akaulize kuhusu hiyo chupa. Mpaka mtu huyo arudi, hakuna atakayeondoka.

Mnung'uniko ulipita katika kundi la pili. Baiskeli kwenye tope lile, kwenda na kurudi, ingechukua saa tatu au zaidi. Vituo vilitarajiwa kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwanamke mmoja mzee, Rodah, ambaye watoto wote wa kambi walimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, alisogea mbele akasema kwa upole kwamba ruhusa ile si zawadi ya mtu, ni haki ya kila mwenye kadi. Bwana Nicholas alijibu kwamba anajua, na ndiyo sababu hataki ichezewe. Akaandika kijikaratasi, akampa kijana wa mizani, na baiskeli ikaondoka ikiteleza huku na huku. Wengine wote wakaambiwa warudi mashambani.

Nyamoita alimfuata mama yake kati ya mistari ya chai. Mama hakula. Alichuma kwa haraka isiyo ya kawaida, akitupa majani kikapuni juu ya bega, na kila mara alisimama kuangalia mawingu kana kwamba angeweza kuona saa nyuma yake. Kogo Rodah alikuwa mstari wa pili. Yeye hakuchuma haraka. Alizungumza polepole, akimwambia mama habari ya uchaguzi uliopita, mwaka wa 1992. Siku hiyo alichelewa kutoka kazini, akakimbia njia nzima, na alipofika akakuta lango limefungwa dakika chache tu zilizopita. Askari aliyekuwa langoni alikuwa mpole, akamwambia, "Mama, rudi nyumbani." Akarudi. Miaka mitano alikuwa akingoja siku hii ya leo.

Maneno hayo yalimwingia Nyamoita kama maji ya baridi. Watu walioumia walikuwa hapo mbele yake, mmoja ni mama yake mzazi.

Aliondoka kimyakimya, akapita kati ya michai iliyomlowesha nguo hadi kiunoni, akamtafuta mjomba wake mpaka akampata mwisho wa shamba. Mjomba alikuwa anachuma ameinamisha kichwa.

"Mjomba, mwambie Bwana Nicholas."

"Nimwambie nini?" Hakumtazama.

"Ukweli. Mama hatafika. Na Kogo pia."

Mjomba alisema kwamba akisema hivyo atafukuzwa kazi, na akifukuzwa atatoka hata kambini, kwa maana nyumba ni ya shamba. Alisema yule wa baiskeli atarudi mapema, na kila mtu atakwenda. Anyamaze tu. Nyamoita alisimama pale akingoja aseme kitu kingine. Mjomba alirudia kuchuma. Mvua nyepesi ilianza tena.

Nyamoita alizunguka zunguka. Alikwenda hatua kumi kuelekea kwenye banda, akasimama. Akarudi hatua tano. Alifikiria mjomba akifungasha blanketi lake. Alifikiria mama akimtazama na kujua kwamba mkono uliopaka ile dawa ulikuwa wake. Kwa mbali alisikia redio ya mtu ikitangaza kwamba sasa ni saa tisa kasoro dakika kumi. Karibu saa nne zilikuwa zimekwisha, na baiskeli haikuonekana popote.

Hapo miguu yake ilianza kwenda yenyewe, na safari hii hakuizuia.

Bwana Nicholas alikuwa ameketi juu ya gunia ndani ya banda, akiandika. Wale wanne waliochelewa walikuwa wamefika wakihema, wakieleza kwamba foleni yao ilikuwa ndefu. Nyamoita alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bwana Nicholas, wino wa mjomba wangu si wa kura," alisema. "Ni dawa ya mdomo ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyempaka."

Msimamizi aliweka kalamu chini. Alimuuliza alimpaka lini, na kwa nini, na mjomba alikwenda wapi. Nyamoita alimjibu yote. Alipofika kwenye viazi aliona Bwana Nicholas anatazama nyuma yake. Aligeuka. Mjomba Momanyi alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, maji yanamtiririka. Alikuwa amemwona akipita akamfuata. Nyamoita hakujua kama amekuja kumkanusha.

Mjomba aliingia ndani hatua moja. Halafu akasema, "Ni kweli. Mtoto msimlaumu, nilimtuma mimi. Kituoni sikufika kabisa. Hao wenzangu wote walipiga kura."

Bwana Nicholas alisimama. Hakupaza sauti. Alimwambia Momanyi kwamba barua ya onyo itaandikwa na kupelekwa ofisini, na kwamba ofisi ndiyo itakayoamua mengine. Leo atachuma mstari wake na mstari wa Rodah mpaka lori liondoke, na Jumapili mbili zijazo atapalilia kitalu cha miche. Kisha alitoka nje akapiga filimbi na kuliita kundi la pili. Aliwaomba radhi kwa kuwachelewesha, akawaambia waende upesi wala wasijali kurudi kazini siku hiyo.

Mama alifika akikimbia. Alikuwa ameshasikia, kwa kuwa habari shambani hutembea haraka. Alimtazama Nyamoita, akamtazama ndugu yake. Hakukuwa na wakati wa maneno. Alimshika Kogo Rodah mkono, na wote wawili wakateremka kwa njia ya chini pamoja na wengine, wakiteleza na kushikiliana.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Nyamoita alimchukua Onchari kwa jirani, akampikia, akamwimbia, lakini masikio yalikuwa njiani. Saa kumi ilipita. Saa kumi na mbili ikafika, na hakuna aliyekuwa amerudi. Mjomba alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kizingiti, akikwangua tope kwenye gambuti zake kwa kijiti. Wote wawili walikuwa wanatazama upande mmoja.

Ilikuwa karibu saa nne usiku waliposikia sauti za watu. Mama alitangulia, viatu mkononi. Alisema kwamba njiani walipishana na kijana wa mizani akisukuma baiskeli kwenye tope, nao wakafika karibu saa kumi na mbili, foleni ikiwa ndefu kuzunguka shule nzima. Ilipotimu saa kumi na mbili, askari alikuja akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, akatangaza kwamba kila aliye mbele yake atapiga kura hata kama itafika usiku. Kati ya Kogo Rodah na askari yule walikuwepo watu watatu tu.

"Alipiga?" Nyamoita aliuliza.

"Alipiga. Alitoka mle chumbani akakaa chini kwenye nyasi, hakutaka kuondoka."

Kisha mama alimgeukia ndugu yake. Alichomwambia kilikuwa kirefu na kwa lugha ya nyumbani, na Momanyi alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Kwa Nyamoita alisema machache. Alisema kwamba kesho asubuhi aende akamwombe Kogo msamaha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe.

Asubuhi Nyamoita alimkuta Kogo Rodah nyuma ya nyumba yake akipandikiza miche ya sukuma wiki. Alimwamkia, akasimama kando akivuta ncha ya kanga yake, kisha akasema alilotumwa kusema. Alisema pia lile ambalo hakutumwa, kwamba aliogopa, na kwamba alijua tangu saa tano lakini akangoja mpaka watu watatu tu wakabaki.

Kogo aliendelea kuchimba vishimo kwa kidole. Alipomaliza mstari alinyanyuka taratibu, akajishika kiuno.

"Sikia, mwanangu," alisema. "Mtu akikupa ruhusa, amekuamini. Ukiidanganya hiyo ruhusa, hawezi kukunyima wewe peke yako, kwa sababu hajui kama ni wewe. Atatunyima sisi wote tulio nyuma yako. Mjomba wako alifikiri amechukua asubuhi moja tu. Kumbe alikuwa amechukua siku yangu, na ya mama yako, na ya watu hamsini."

Nyamoita aliinamisha kichwa.

"Wewe ulisema kweli, na ulisema juu ya mtu unayempenda, jambo ambalo ni gumu hata kwa watu wazima. Nimekushukuru. Lakini siku nyingine usingoje. Ukweli ukichelewa, kuna mtu atafika langoni akute limefungwa. Mimi ninajua kulivyo kule nje."

Kisha akamwonyesha karai lililojaa miche, akamwambia ainame amsaidie, maana jua lilikuwa limeanza kuwaka na mizizi isingeweza kungoja.